Mita Kumi kutoka Maji

Sote tulimwita Maman Prezidante, hata wale waliomtukana. Nimemjua miaka kumi na moja, na kwa sita kati ya hiyo nilitembea nyuma yake na daftari, maana nilikuwa sekretere wa komite aliyoiongoza, komite ya kulinda kinamasi cha kwetu Kasha. Watu wengi wanamkumbuka kwa siku moja tu, siku ya karatasi. Karatasi ile niliiandika mimi. Kwa hiyo ni juu yangu kueleza alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na alivaa buti za mpira zilizomzidi miguu, akazijaza magazeti ya zamani mbele ili zisimtoke. Juu alivaa kitenge safi, kile kile cha kwendea misa. Mwavuli mkono mmoja, mkoba wa ngozi mkono wa pili. Ukimwona kwa mbali akishuka kwenye tope ungedhani ni mama aliyepotea njia ya kanisa.

Usifikiri alikipenda kinamasi. Wageni wa mashirika walipokuja kupiga picha za mafunjo na ndege, walitaka aseme maneno mazuri, na kila mara aliwavunja moyo.

"Mi sipendi kitu humo ndani," aliwaambia. "Iko mbu, iko harufu. Lakini ni yenyewe inakunywaka maji ya milima yote hii. Mukiifunga kinywa, maji itatafuta nyumba za batu."

Na vyura aliwaogopa kama mtoto. Zamani alifanya kazi Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, akiosha chupa za wataalamu, na katika chupa nyingine walikaa vyura ndani ya dawa, kila mmoja na jina lake la Kilatini kwenye kibandiko. Majina yale aliyashika yote. Chura akiruka mbele yetu, yeye alirudi nyuma hatua tatu, akanishika shati, kisha akalitaja jina la chura yule kwa sauti ya mwalimu. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili sikucheka, maana nilimwona anaachia shati na kuendelea kushuka.

Sheria zetu zilikuwa chache na kila mtu alizijua. Mita kumi kutoka maji, pande zote mbili za mto, hakuna kujenga, hakuna kumwaga udongo, hakuna kuchoma matofali wala mafunjo. Mafunjo ya kusuka mikeka yalikatwa kwa zamu. Anayevunja sheria alitembelewa mara tatu. Safari ya kwanza tulimwambia kwa mdomo. Ya pili tulimletea barua, na majuma mawili ya kuondoka. Ya tatu tulichora X nyekundu ukutani na kupeleka jina lake kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, nao walikuja na polisi kubomoa. Tulikuwa watu saba, bila mshahara, na silaha yetu ilikuwa kamba ya mita kumi yenye fundo kila mita, iliyokaa ndani ya mfuko wa mchele.

Kamba hiyo aliipima kila Jumatatu asubuhi kwenye ukuta wa shule, kwa sababu kamba ikilowa hupungua. "Nikimuonea mutu kwa sentimeta mbili," alisema, "ile ingine yote nilisema inakuwa uongo."

Neno lake kubwa lilikuwa "Andika." Mtu akipiga kelele, aligeuza kichwa kwangu: "Sekretere, andika." Mtu akilia: "Andika." Nilidhani mwanzo ni ukatili. Baadaye niliona kwamba mtu akisikia maneno yake yanaandikwa, huanza kuyachagua, na akianza kuyachagua, hasira hupungua.

Nakumbuka papa mmoja, ndivyo tunavyowaita akina baba, mfyatua matofali. Tulimkuta amejenga tanuri kando ya mto kabisa, na alipotuona alichukua jembe, akaliinua juu ya bega. Wenzetu wawili wakabaki barabarani. Mimi nilisimama katikati, miguu haiendi mbele wala nyuma.

"Mama, ukiweka muguu hapa nitakukata!"

"Utanikata, ni sawa," akamjibu. "Lakini mbele ya kunikata, unishikie mwisho wa kamba."

Akamnyooshea. Sijui kwa nini yule papa aliishika. Nadhani mtu akinyooshewa kitu, mkono hupokea kabla kichwa hakijaamua. Jembe likashuka. Maman Prezidante akarudi kinyumenyume hadi kwenye maji, akihesabu mafundo kwa sauti, na buti zikaingia majini.

"Papa, huko kwako iko ngapi?"

Yule papa akahesabu mafundo kwa macho hadi kwenye maji. "Sita."

"Sekretere, andika. Yeye mwenyewe amesema sita."

Alihamisha tanuri kabla ya barua. Lakini tulipopanda barabarani, Maman Prezidante aliniomba nimshikie mkoba, akaenda nyuma ya ukuta wa mtu, akatapika. Kisha akajifuta mdomo, akauliza ni nani anayefuata kwenye orodha.

Kuna jambo ambalo nilikaa nalo miaka. Mbali na kamba, alibeba karatasi kubwa iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Watu waliiogopa kuliko polisi. Walisema ni ramani ya serikali, ya tangu zamani, inaonyesha kila parseli, yaani kila kiwanja, na kila mpaka, na ikifunguliwa mbele ya nyumba yako umekwisha. Mtu akibisha sana, Maman Prezidante aliigusa tu na kuuliza: "Nifungue?" Sikumbuki mtu aliyesema ndiyo.

Siku moja mvua ilitushika, tukajibanza chini ya kibaraza cha duka. Mfuko ulikuwa umetoboka, nikaogopa ramani italowa, nikaikunjua niikaushe. Ilikuwa picha ya chura aliyepasuliwa tumbo, utumbo wote umeandikwa majina. Chati ya maabara, yenye mpasuko upande mmoja. Walimpa Lwiro siku aliyoacha kazi, ilipokuwa haifai tena.

Nilimwangalia. Aliitoa mikononi mwangu, akaikunja taratibu.

"Mi sikusemaka kama ni ramani," akasema. "Ni batu banasemaka."

Huyu ndiye mtu aliyepima kamba kila Jumatatu kwa ajili ya sentimeta mbili. Sijui mambo haya mawili yalikaaje ndani ya mtu mmoja, lakini yalikaa.

Kwenye nyumba ya mtu yeyote aliye karibu na kinamasi hakunywa hata maji. Jua likiwaka, midomo imekauka, alikataa glasi kwa upole na kuendelea kupima. Lakini nyumbani kwake mlango ulikuwa wazi. Kuna mama mmoja tulimchorea X asubuhi, na saa sita mchana akaja kulia kwa Maman Prezidante. Nilikuwa pale, nanakili barua. Alimkalisha, akampakulia ugali na sombe ya majani ya muhogo, akamwongezea samaki mara mbili, akamsikiliza hadi mwisho, akamsindikiza hadi barabarani akimshika mkono. X haikufutwa. Yule mama alimchukia kwa hilo zaidi kuliko angefukuzwa mlangoni, na mimi naona alikuwa na haki.

Kwa mjane mmoja wa avenyu ya chini, mtaa ulioko bondeni, tuligombana sana. Alikuwa amepanda maharagi kwenye mita saba, na wenzetu walitaka tung'oe. Maman Prezidante alikataa, akasema maharagi yakomae kwanza.

"Basi sheria iko ya watu wengine tu?" akauliza makamu wake.

"Hapana. Lakini akikosa hii maharagi, atakata mafunjo yote ya hapa ili ale. Hesabu mwenyewe."

Siku ya kuvuna alikuja na kikapu chake, akavuna na mjane mistari yote, akamsaidia kubeba. Alasiri ile ile alirudi na miche ya mafunjo, akaipanda kwenye shimo la kila mche wa haragi, mjane akiangalia. Hakumwachia hata mche mmoja. Mjane alisimulia habari hiyo akicheka na kusonya pamoja.

Sasa nifike kwenye yangu.

Mimi nililelewa na dada yangu mkubwa. Alinisomesha yeye, akaniosha, akanipiga, akaninyima na kunipa. Alipoolewa alikwenda nami kwenye ndoa yake kama sanduku la nguo. Wakati ninaousema, yeye na mume wake walikuwa wanakaa na watoto watano kwenye vyumba viwili vya mwenye nyumba mkali aliyekwisha kuwaambia waondoke. Mtu mmoja akawaonyesha parseli Kasha, mahali pazuri, karibu na barabara. Dada akanipigia simu kwa furaha. Nikaenda kuona.

Sikuhitaji kamba. Nimepima pale mara nyingi. Ilikuwa mita nne.

"Yaya, hapa hapana," nikamwambia, maana kwetu dada mkubwa ni yaya. "Hapa ni kinamasi. Maji inapita hapa kwenda chini."

"Maji itapita upande."

"Upande kuko nyumba za watu."

Akaniangalia kama alivyoniangalia nilipokuwa mdogo na nimekataa chakula.

"Mudogo wangu, muhuri iko mu mufuko yako. Mi niko na batoto tano mu nyumba ya mutu. Sikukuombaka kitu tangu uzaliwe."

Ilikuwa kweli. Hakuwahi.

Muhuri wa komite ulikaa kwangu kwa sababu Maman Prezidante alinikabidhi mwaka wa kwanza, na hakuuomba tena. Alhamisi moja alikwenda Lwiro kwenye matanga ya mtu aliyefanya naye kazi. Nikaketi, nikaandika atestasio, hati ya kuthibitisha: parseli iko mita kumi na mbili kutoka maji, komite haina kipingamizi. Chini nikachora saini ya kupindapinda isiyosomeka, nikapiga muhuri. Kazi yote haikuzidi dakika kumi.

Kamio, malori ya udongo, zilikuja wakati wa kiangazi, wakati hakuna anayefikiria maji. Zilimwaga siku tatu. Watu wa avenyu ya chini wakaja kwa Maman Prezidante, na Jumamosi asubuhi tukashuka wote saba, na kamba.

Tulikuta fundi yuko kwenye msingi. Shemeji yangu alisimama mbele amekunja mikono, na dada ameketi juu ya mawe ya msingi, mtoto wa mwisho mgongoni. Watu walijaa upesi, labda hamsini. Wengine walitaka parseli zao pale pale na walingoja waone nani atashinda. Wengine walikuwa wa avenyu ya chini, mjane akiwa mbele yao.

Maman Prezidante akapima. Mimi nilishika mwisho wa kamba.

"Ngapi?"

"Ine," nikasema.

"Papa, umesikia. Ni mita ine. Fundi asimamishe."

Shemeji akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi. "Iko na muhuri yenu, maman. Usome."

Hakuwa na miwani. Kila mara mimi ndiye niliyemsomea. Akanipa.

"Sekretere, nisomee."

Nikasoma. Neno kwa neno, mbele ya watu wote, uongo wangu mwenyewe. Nilipofika kwenye mita kumi na mbili, avenyu ya chini wakapiga kelele, na ile sehemu nyingine wakashangilia.

"Muhuri ni yetu?"

"Ndiyo, maman."

"Saini ni ya nani?"

Nikaitazama kana kwamba naiona mara ya kwanza. "Haionekani muzuri."

Alinitazama, si kwa muda mrefu, kisha akawageukia wote watano waliobaki, mmoja mmoja.

"Tuko batu saba," akasema. "Mwenye aliandika hii karatasi aseme sasa. Mbele ya hawa batu. Nitangoja."

Akangoja kweli. Alifunga mwavuli, akausimika kwenye tope, akaegemea. Nilisikia mtoto wa dada anakohoa. Dada alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba na kuniamuru. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua. Hewa ikaingia, neno halikutoka.

Hatimaye akachukua mwavuli wake.

"Sekretere, andika. Komite ilitoa karatasi ya uongo. Mwenye atajibu ni prezidante. Weka jina yangu."

Nikaandika. Mkono wangu uliandika jina lake, herufi kubwa, wino mweusi. Daftari lipo hadi leo, na huo ndio ukurasa wenye mwandiko wangu mzuri kuliko yote.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Kumbe njo hawa bezi! Banauzishaka kinamasi!" Wengine wakaitikia. Donge la tope likaruka, likampata kifuani, kwenye kitenge cha misa. Hakulipangusa. Alikunja kamba, fundo juu ya fundo, bila haraka, akaitia mfukoni, akapanda barabara. Watu wakampisha na kumzomea. Mimi nilifuata nyuma kama kila siku, na hakuna aliyenizomea.

Ofisi ya komini ikamsimamisha. Kwa karatasi yenye muhuri hatukuweza kuchora X, na kila aliyetaka kujenga akaja kusema, nipeni na mimi kama mulimupa ule. Komite ikafa bila mtu kuizika. Maman Prezidante alitembea Kasha akiitwa mwizi, na kwenye jumuiya yake ya sala wakamwondolea funguo za kabati. Dada yangu ndiye aliyemtukana kwa sauti kuliko wote, labda kwa kuwa nyumba yake ilisimama. Nilikula kwake kila Jumapili. Nilimsikia, nikamega ugali.

Mvua ikaja msimu wa pili. Ilikuwa saa nane mchana, nikiwa kazini, shuleni, karibu na Nyawera, mjini, ninakofanya kazi ya ofisi. Simu ikalia, nikapanda taksi-moto, ile pikipiki ya abiria, dereva akakataa kuendelea kwenye mteremko, nikakimbia.

Nyumba ya dada ilikuwa kavu. Ilisimama juu ya udongo wake, na dada na watoto walikuwa barazani wanaangalia. Maji yalifika kwenye udongo ule, yakagonga, yakageuka mkono wa kushoto, yakashuka yote kwenye avenyu ya chini. Nyumba tatu zilikuwa zimekwenda. Ya mjane ilibaki ukuta mmoja na mlango uliosimama wenyewe.

Maman Prezidante alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, na wanaume wanne, wanamtoa mjane juu ya mbao za kitanda. Bila buti. Matope, majani, vyura wakimpita shingoni, hakutaja jina la hata mmoja. Mjane alitolewa hai, mguu umevunjika. Mbuzi wake watatu tuliwakuta kesho yake kwenye waya wa ua wa mtu. Nikaingia majini. Maman Prezidante aliniona, akanipa godoro lililolowa nilibebe, akarudi kwa mwingine. Hakuniambia kitu, siku ile wala miezi iliyofuata.

Leo ukipita pale utaona mfereji umekatwa katikati ya udongo ule. Jiko la dada halipo, na ukuta wa upande umesogezwa. Haikuwa amri ya mkubwa iliyofanya hivyo, ilikuwa barua. Ilivyokuwa ni hivi.

Karibu miaka miwili baada ya mafuriko, alasiri moja, alibisha kwenye mlango wa ofisi yangu. Alikuwa amekonda. Alivaa viatu vya wazi na soksi. Nikasimama haraka hadi kiti kikaanguka.

"Keti, Sekretere," akasema, akaketi yeye.

Akaniuliza habari za mke na watoto. Kisha akaeleza. Watu wa avenyu ya chini walikuwa wameomba ruhusa ya kukata njia ya maji. Bourgmestre, mkuu wa komini, alisema anaona tatizo, lakini parseli ina karatasi halali, na karatasi haivunjwi na kelele. Itavunjwa na aliyeiandika, akikiri ni ya uongo.

"Nimekuja kukuomba," akasema.

Nilitazama meza. "Ulijua tangu lini, maman?"

"Tangu ulinisomea. Wewe unasomaka mbio mbio. Siku ile ulisoma polepole."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema mwenye aliandika aseme. Nikangoja."

"Lakini ukaweka jina lako."

"Muhuri ni mi nilikupatia." Akavuta pumzi. "Sikukuja juu ya jina yangu. Jina yangu imekwisha kuzoea. Mvua iko karibu, na yule mama analala kwa jirani na muguu yenye balitia chuma."

Nikamwambia kwamba ni nyumba ya aliyenilea. Akasema anajua. Nikamwambia nitapoteza kazi. Akasema inawezekana. Hakuniambia kwamba mambo yatakuwa mazuri. Aliketi tu na mkoba wake magotini, na nje wanafunzi walikuwa wanapiga kelele za kutoka.

Nikavuta karatasi, nikaandika. Mistari sita. Nikatia saini, nikampa. Siku hizi ana miwani, akaivaa. Alisoma, midomo ikienda, kisha akairudisha juu ya meza na kuweka kidole chini kabisa.

"Jina yako umeandika kidogo sana. Andika ingine."

Nikaandika nyingine.

"Sasa twende kwa dada yako," akasema. "Barua nitaipeleka kesho asubuhi. Asiisikie kwa batu."

Tulipanda taksi hadi Kasha. Alisimama barabarani, mimi nikashuka hadi kwenye mlango wa bati. Dada alinifungulia akicheka, mikono imejaa unga.

"Aa, leo haiko Jumapili! Ingia, chakula iko karibu."

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kabla hajanipa kiti. Nilimwambia kwamba karatasi ni ya uongo, kwamba niliiandika mimi, kwamba nimekwisha kukiri, na kwamba watakata udongo, na jiko litakwenda. Kicheko hakikutoka usoni mara moja; kilibaki kidogo, kama hakijapata habari. Kisha akachungulia juu ya bega langu, kupitia mlango, akamwona aliyesimama barabarani.

"Ni ule mama amekulazimisha?" akauliza. "Mudogo wangu, sema. Ni yeye?"

Nilisema, "Yaya, unisamehe," nikatoka, na mlango wa bati ukafungwa nyuma yangu kwa kishindo.

Nilipanda hadi barabarani. Maman Prezidante alikuwa pale pale nilipomwacha.

"Amesema nini?"

"Ameuliza kama ni wewe umenilazimisha."

"Na wewe umejibu nini?"

"Nimeomba musamaha tu." Yeye hakurudia swali. Alitafuta jiwe kando ya barabara, akalifuta kwa kiganja, akakunja kitenge chini yake, akaketi.

"Nitangoja," akasema.

Nikageuka, nikashuka tena, nikagonga mlango.